Marekani ukivuta mkia unapewa zawadi, huku Kisii unashushwa ngazi

Tuanze na swali. Timu yako ikimaliza msimu ikiwa ya mwisho kabisa kwenye jedwali, unataka ifanywe nini?

Usijibu haraka. Mimi nilidhani jibu ni moja tu, mpaka binamu yangu anayeishi Minnesota aliponipigia simu siku moja nikiwa stejini Kebirigo, nangoja matatu ijae tuelekee Kisii.

Kama hujawahi kufika Kebirigo, hebu nikuchoree ramani. Ni soko dogo kaunti ya Nyamira. Huku ni majani chai kila upande unaoangalia, kiwanda cha chai kiko hapa hapa, na mvua ya mchana haikosi. Vijana tuko wengi, kazi ni chache. Wengine wanaendesha boda, wengine wanachuma chai, na wengine kama mimi tunaandika vitu kwa simu tukiombea chaji isiishe.

Sasa, Minnesota wamejaa Wakisii. Karibu kila boma huku lina mtu wake kule. Huyu binamu wangu ameingizwa kwenye mchezo wa kandanda ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai. Timu yake inaitwa Minnesota Vikings. Mwanzoni nilimcheka sana. Kandanda gani hiyo inachezwa kwa mikono? Lakini alivyonieleza msimu wao wa 2024, nikanyamaza.

Sikiza. Ligi yao, NFL, ina timu 32, na kila timu inacheza mechi 17 tu kabla ya mchujo. Vikings walishinda 14. Kumi na nne! Huku kwetu ukishinda hivyo unaanza kupanga gwaride la kombe. Lakini mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida walikutana na Detroit Lions, kila mmoja akitaka uongozi wa kundi, wakapigwa 31-9. Wiki moja baadaye, Januari 2025, wakaingia mchujo dhidi ya Los Angeles Rams. Mechi ilihamishiwa jimbo la Arizona kwa sababu ya moto uliokuwa unateketeza Los Angeles. Wakalimwa 27-9. Msimu wote ukazikwa usiku mmoja. Na ujue timu hiyo imewahi kufika fainali ya Super Bowl mara nne, na zote nne ikapoteza.

Nikamwambia, "Pole bro. Sasa mtashushwa?"

Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Akaniambia Marekani hakuna kushushwa. Timu ikivuta mkia inabaki pale pale. Tena, wakati wa kugawana wachezaji wanaotoka vyuoni, ile iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza kuchagua. Pesa za televisheni ya kitaifa nazo zinagawanywa sawa kwa wote 32. Kwa ufupi, ukianguka unainuliwa.

Matatu ilijaa, tukaondoka, lakini hilo neno lilinikaa kichwani mpaka Nyamira mjini.

Kwa sababu mimi ni shabiki wa Shabana.

Najua wengi wenu mko Arsenal, mko Man U, mko Chelsea. Sawa. Lakini nipe dakika mbili nikwambie kuhusu Shabana. Hii timu ilianza mwaka wa 1980 mjini Kisii, na jina lake lilitoka kwa biashara ya vifaa vya ujenzi. Mashabiki wanajiita Tore Bobe, maana yake kwa Ekegusii ni "sisi ni wabaya". Wabaya kwa uzuri, unaelewa.

Unamkumbuka Divock Origi, yule aliyefungia Liverpool bao kwenye fainali ya Klabu Bingwa Ulaya 2019? Babake, Mike Okoth, alichezea Shabana kabla ya kwenda Ubelgiji, ambako alikuja kushinda ligi na Genk mwaka wa 1999. Kwa hivyo siku ile ukirukaruka kwa kibanda cha video, kuna kipande cha Kisii ulikuwa unashangilia bila kujua.

Halafu mwaka wa 2006, Shabana ikashushwa ngazi. Huku hakuna wa kukuinua. Ukishuka, wadhamini wanaacha kushika simu. Wachezaji wazuri wanaondoka. Nauli ya kwenda mechi za ugenini inakuwa harambee. Yaani adhabu ya kukosa ni kunyang'anywa kile ambacho kingekusaidia usikose tena.

Walikaa huko chini miaka 17. Msimu mzima wa Vikings ni mechi 17, sisi tulingoja miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka tuliposhuka alikuwa tayari yuko sekondari tuliporudi Ligi Kuu mwaka wa 2023, tukipanda pamoja na Murang'a SEAL.

Na kurudi hakukuwa sherehe tu. Ligi yetu ni timu 18, mechi 34, mara mbili ya zile za Marekani. Msimu wa kwanza, 2023/24, tulikuwa tunapumulia mashine. Kila Jumapili ni hesabu za alama, nani akipoteza sisi tunapona. Tukapona. Msimu uliofuata, ule ambao Kenya Police walichukua ubingwa kwa mara ya kwanza katika historia yao, Shabana ilimaliza kwenye nusu ya juu ya jedwali. Kuna mechi za nyumbani ambazo "nyumbani" kwenyewe kulikuwa Homa Bay, na bado watu walijaza magari wakaenda.

Sasa nikuambie kwa nini haya yananihusu kuliko mpira wenyewe.

Mimi pia nilishuka ngazi.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nikiulizwa huwa nasema ni karo, na si uongo, lakini si ukweli wote. Baba alikuwa amenipa pesa. Na kwa sisi Wakisii, kabla hujachanganyikiwa, "baba" ni mama. Babangu wa kiume ni "tata". Kwa hivyo mamangu ndiye aliyenitumia bonasi yake ya majani chai. Chai unachuma mwaka mzima, asubuhi na umande, kapu mgongoni, kisha mara moja kwa mwaka bonasi inaingia. Aliituma yote. Nikaona niiongeze kidogo kwanza. Nikaweka beti kwa mechi za Uingereza, timu tano zishinde. Nne zikashinda.

Wewe unayecheka, nakujua. Wewe unayenyamaza, nakujua zaidi.

Nikaweka tena ili nirudishe. Kufikia mwisho wa mwezi sikuwa na karo, sikuwa na nauli, na jina langu halikuwa kwa orodha ya mtihani. Nikarudi Kebirigo nikisema chuo kimefunga. Ilinichukua miezi minne kumwambia baba ukweli. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Zilikuwa kilo ngapi?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sijui bonasi ile ilikuwa kilo ngapi za majani.

Ndipo nikaanza kwenda Gusii Stadium. Si kwa sababu nilikuwa shabiki mkubwa. Nilitaka kuona mpira ambao sijauwekea pesa. Pale mlangoni unalipa mara moja, mia mbili hivi, na hata mkipoteza, hasara inaisha kipenga kikilia. Huamki usiku kuangalia simu. Unaimba, unatukana refa kidogo, unakula mahindi ya kuchoma, unarudi nyumbani.

Siku moja nilikaa karibu na mzee aliyevaa koti la zamani, mmoja wa wale waliokuwa wakitazama Shabana miaka ya themanini. Nikamwuliza, "Mzee, hata ile miaka ya ligi ya chini ulikuwa unakuja?"

Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kama jua hutoka. "Kijana wangu, timu ilishuka. Uwanja haukuhama."

Nimelifikiria hilo neno kuliko somo lolote nililofunzwa darasani. Kwa sababu nilikuwa nimeketi nikingoja utaratibu wa Kimarekani: kwamba nikishafika chini kabisa, mtu atakuja aniambie chagua wa kwanza. Hakuna anayekuja. Lakini chuo nacho hakijahama. Mwezi jana niliwapigia nikauliza. Masomo niliyopita bado yamehesabiwa. Deni langu bado liko, halijapungua hata senti. Ninaweza kurudi nikilipa nusu kwanza.

Sijarudi. Sitakudanganya hapa kwamba mambo yameiva. Nimeweka akiba ndogo kutokana na kuchuma chai kwa majirani na haya maandishi, na haijafika hata robo. Programu za beti nimezifuta kwa simu mara tatu, maana mara mbili nilizirudisha. Nilimwambia baba kwamba bonasi ijayo, akitaka kunisaidia, asitume kwangu. Alipe chuoni moja kwa moja. Hilo lilikuwa gumu kusema kuliko kukiri kosa lenyewe.

Binamu wa Minnesota bado ananitumia video za Vikings. Nami humtumia sauti za Tore Bobe wakiimba. Tumekubaliana jambo moja: yeye anapenda timu ambayo haiwezi kushushwa na bado haijawahi kubeba kombe, mimi napenda timu iliyoshushwa ikarudi. Kila mtu na msalaba wake.

Kwa hivyo wewe uliyeacha shule, uliyefutwa kazi, uliyekula karo: angalia kama uwanja wako bado uko. Piga hiyo simu. Wakikwambia deni ni ngapi, andika hiyo nambari mahali, kwa sababu nambari iliyoandikwa inatisha kidogo kuliko ile unayoikimbia.

Na ukiwa karibu na Kisii siku ya mechi, njoo. Kutoka Kebirigo matatu zinaanza kujaa saa tano. Mimi nitakuwa upande wa jua, kwa sababu huko ndiko mzee hukaa.