G3 ya goroli na mahakama ya Tawa

Kwa mtu wa Tawa, huku Makueni, bunduki ni G3. Ndiyo ambayo polisi wa Kenya wameibeba kwa miongo mingi, ndefu na nyeusi, na hata mtoto wa shule ya msingi huitambua kutoka upande wa pili wa soko. Ni silaha ya kampuni ya Kijerumani ya Heckler & Koch, na risasi yake ya milimita 7.62 hutoka mtutuni na nguvu ya zaidi ya jouli 3,000. Lakini iko G3 nyingine. Inaundwa na kampuni ya VFC ya Taiwan na kuuzwa na Umarex ya Ujerumani, ambayo ina leseni ya kutumia jina la Heckler & Koch. Inatema goroli za plastiki za milimita 6. Ziweke mbili hizo kando ya barabara ya Tawa jioni, na sijui ni nani atakayethubutu kusogea kuona ipi ni ipi.

Hiyo ya pili ni kifaa cha mchezo unaoitwa easofti. Watu wazima huvaa magwanda na miwani ya kukinga macho, wakagawana timu na kuwindana msituni. Aliyepigwa na goroli huinua mkono akatoka. Ni mchezo mkubwa Japani, Ulaya na Marekani, na una maonyesho yake ya biashara. Januari, mjini Las Vegas, kuna SHOT Show, maonyesho yaliyoanza 1979. Baridi ya Ulaya ikielekea ukingoni kuna IWA ya Nuremberg, iliyoanza 1974. Hayo mawili ni ya silaha za kweli, ila za goroli nazo zina vibanda vyao ndani. Mwezi Mei kuna maonyesho ya vielelezo vya plastiki mjini Shizuoka, Japani. Huko ndiko kampuni hutandaza bunduki zitakazotoka: kielelezo ndani ya kioo, kibao cha "inakuja", na umati wenye simu. Kielelezo kikishaonyeshwa, mnunuzi huenda akasubiri miezi, hata miaka. Tokyo Marui, jina kubwa la Japani, walitoa AKM yao ya gesi 2021, na siku hizi kampuni nyingi kubwa zina angalau bunduki moja ya gesi kwenye orodha.

Kinachotangazwa kuwa kipya kwenye maonyesho hayo mara nyingi si nguvu. Nguvu imewekewa mpaka. Japani, tangu sheria yao ibadilishwe 2006, goroli haziruhusiwi kuvuka takriban jouli 0.98. Kwa hiyo washindani wamebaki na uwanja mmoja wa kupimana ubavu: kufanana. Uzito uwe uleule, chuma kilie vilevile, magazini ichomoke vilevile, na bunduki irushe bega unapoifyatua.

Gesi ndiyo inayoleta huo mrusho. Ndani ya magazini kuna tangi dogo la gesi iliyoshindiliwa ikawa majimaji. Ukivuta kifyatulio, nyundo hugonga vali, gesi hufumuka. Sehemu yake husukuma goroli mtutuni. Inayobaki husukuma chuma cha juu kirudi nyuma kwa kishindo, kisha springi hukirudisha mbele kikiwa kimeokota goroli nyingine. Gesi inayotumiwa sana ni propani iliyochanganywa na mafuta kidogo ya silikoni. Kwa maneno mengine, ni jamaa wa karibu wa kile kilicho ndani ya mtungi wa jikoni, kwani gesi ya kupikia nayo ni mchanganyiko wa propani na butani. Japani wamezoea HFC134a, gesi ya friji na ya viyoyozi vya magari, kwa sababu shinikizo lake ni dogo na plastiki haipasuki. Gesi hizi zote huchukia baridi. Asubuhi ya Julai huku milima ya Mbooni bunduki kama hiyo ingekohoa risasi chache ikachoka. Ukiteremka bondeni kuelekea mto Athi mchana, ingepiga kama ilivyoandikwa kwenye boksi.

Ni ufundi wa kupendeza, nami sina ugomvi na mafundi wake. Mchezo ulizaliwa Japani miaka ya 1970 kwa sababu inayoeleweka: raia wa kawaida kule haruhusiwi bastola, hivyo wapenda bunduki wakajitengenezea nakala. Pale ambapo karibu hakuna mtu mwenye silaha, nakala haimtishi jirani. Hata hivyo, mwaka 2005 wapo waliochukua bunduki zilizoongezwa nguvu wakafyatulia magari barabarani, na ndipo sheria ya jouli 0.98 ikaja.

Sasa ilete nakala hiyo Ukambani. Tawa si soko na stendi ya matatu tu. Pana mahakama ya hakimu, na ndani yake Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haiulizi jouli. Kifungu cha 34 kinamhusu anayetumia bunduki, au bunduki bandia, kwa nia ya kutenda kosa: kifungo cha hadi miaka 15, juu ya adhabu ya kosa lenyewe. Na bandia, kwa sheria hiyo, ni kitu chochote chenye sura ya bunduki, kiwe kinafyatua au hakifyatui. Sifa ambayo muuzaji wa Nuremberg anaipigia debe, yaani kufanana, ndiyo hiyohiyo ambayo mwendesha mashtaka anatakiwa kuithibitisha. Mambo huwa mabaya zaidi wakiwa wawili. Kwa kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, wizi wa kimabavu ukitendwa na zaidi ya mtu mmoja adhabu yake iliyoandikwa ni kifo, silaha iwe ya chuma, ya plastiki au isiwepo kabisa. Kijana aliyepakiwa nyuma ya bodaboda na bastola ya goroli kiunoni huenda hajui hesabu hiyo. Wanahabari wa mahakama wanaijua: bastola bandia zimezoeleka mno kwenye meza za vielelezo vya kesi za wizi nchini.

Kuna kichekesho hapa ambacho wazee wa Kikamba hawahitaji kuelezwa. Uta na mishale vimetundikwa kwenye nyumba nyingi za Makueni na Kitui, na mshale uliopakwa ivai, sumu ya mti inayosimamisha moyo, umewahi kuangusha ndovu. Hicho ni chombo cha kuua kweli, na mgeni akikiona ukutani hupiga picha. Goroli ya gramu 0.2 haiui sungura, lakini mwenye bastola yake akiitoa mfukoni kituoni, watu watalala chini.

Na wengine hawafiki mahakamani. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, Marekani, mvulana wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa akicheza na bastola ya easofti kwenye bustani ya umma. Sheria ya Marekani hutaka ncha ya rangi ya machungwa mtutuni. Yake ilikuwa imetoka. Polisi alimpiga risasi sekunde chache baada ya gari lao kufika. Uingereza iliona ncha haitoshi, na sheria yake ya 2006 ikataka bandia zinazouzwa kwa mtu wa kawaida ziwe na rangi kali zisizoweza kudanganya jicho.

Macho nayo yana hadithi yake. Wakati wa Idi ya 2015, zaidi ya watu 100 nchini Afghanistan, wengi wao watoto, waliumizwa na goroli, hasa machoni, na serikali ikapiga marufuku bunduki za kuchezea. Bastola za springi za bei ya chini zinazofika masoko yetu wakati wa Krismasi ni ndugu maskini wa hizo za maonyesho, ila goroli ni zilezile, na hakuna anayeziuza pamoja na miwani.

Je, kuna Mkenya anayezihitaji hizi za gesi? Yupo: mtengeneza filamu. Oktoba 2021, kwenye seti ya filamu ya Rust huko New Mexico, risasi ya kweli iliyokuwa ndani ya bastola aliyoshika mwigizaji Alec Baldwin ilimuua mpiga picha wa filamu hiyo, Halyna Hutchins. Siku iliyofuata mfululizo wa polisi wa Marekani, The Rookie, uliacha kabisa silaha halisi ukahamia easofti, huku miale ya moto ikiongezwa kwa kompyuta. Jirani zetu wa Machakos waliota Machawood chini ya Gavana Alfred Mutua, ambaye kabla ya siasa alitunga mfululizo wa polisi, Cobra Squad. Kwa waigizaji wa Kikamba wanaorekodi vichekesho na visa vya majambazi kwa kamera moja, bunduki inayorusha chuma nyuma bila baruti ingewafaa kuliko ubao uliopakwa rangi nyeusi. Atakayeileta aanze na wanaotoa leseni za silaha na kibali cha kurekodi, kisha apite kituo cha polisi amwambie mkuu wake, OCS, siku, saa na mahali. Akimaliza hapo awaarifu wenye maduka na wahudumu wa bodaboda, maana wao ndio watakaopiga simu kwanza.