Kumwachia Mtoto Aitikie

Safari ya kwanza nilikwenda na kinanda. Nilikifunga ndani ya kitenge, nikapanda gari Shinyanga mjini hadi Kahama, nikaunganisha la Kakola, na mwisho bodaboda mpaka kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Nyarugusu, mkoani Geita. Kinanda kilifika salama. Mtoto niliyemfuata alikuwa na miaka mitano, ana usonji, hajawahi kutamka neno. Nilipobonyeza sauti ya kwanza tu aliziba masikio akakimbilia nyuma ya pipa la maji. Mama yake akanionea huruma: "Labda ana usingizi, dokta." Hakuwa na usingizi. Mimi ndiye nilikuwa na haraka.

Udokta wenyewe sina. Nilisomea katika hospitali ya KCMC, Moshi, kazi ya kuwasaidia watu wenye ulemavu wamudu shughuli zao za kila siku: mtoto mwenye mtindio wa ubongo ashike kijiko, avae shati, akae bila kuegemea. Muziki niliupata kwenye kwaya, na kabla ya kwaya niliupata kwa babu. Tiba ya muziki kama taaluma ndiyo kwanza ninaianza. Nakusanya ada niende Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, ambako shahada ya uzamili ya fani hii inatolewa tangu 1999. Mpaka nitakapoipata, wazazi nawaambia kwamba natumia muziki katika kazi yangu, siwaambii kwamba mimi ni mtaalamu wa tiba ya muziki. Mzazi ana haki ya kujua anamkabidhi nani mwanawe.

Babu alikuwa mpiga ngoma wa bugobogobo kule Maswa. Waliokulia Usukumani wanaijua: watu wamejipanga mstari shambani, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, ngoma inayaongoza. Babu alikuwa akituambia kwamba mpiga ngoma haangalii ngoma, anaangalia migongo. Migongo ikilegea anapunguza, ikichangamka anaongeza. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Paul Nordoff, mtunzi wa muziki wa Marekani, na Clive Robbins, mwalimu wa watoto wenye ulemavu kutoka Uingereza. Walianza kufanya kazi pamoja mwaka 1959. Nordoff alikaa kwenye piano akimfuata mtoto: mtoto akilia, piano inakipokea kile kilio, akipiga ngoma ovyo, piano inautafutia ule ovyo mahali pa kukaa. Niliposoma hayo nilimkumbuka babu na ile migongo.

Safari ya pili kinanda nilikiacha nyumbani. Nilikaa kizingitini, mama akiendelea kuponda mawe. Jirani kuna karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, unaounguruma kutwa: dundo moja zito, mawili mepesi, tena zito. Mtoto alikuwa amechuchumaa akigonga mfuniko wa ndoo. Nilikaa muda mrefu kabla sijang'amua kwamba hagongi ovyo. Alikuwa anafuata karasha.

Nikachukua kidumu kitupu cha lita tano, nikagonga kama yeye. Akaacha. Nikaacha. Akagonga mara moja, nami moja. Mara mbili, nami mbili. Tukaendelea hivyo mpaka tukafika nne nne, na hapo nikagonga tatu, ya nne nikaibakiza. Kimya. Nilitamani sana kuimalizia, mkono ukaniwasha. Nyundo ya mama nayo ilikuwa imenyamaza. Kisha mtoto akaipiga ile ya nne, akaniangalia usoni.

"Umemfanyia nini?" mama akauliza.

"Nimemngoja tu, mama."

Wiki zilizofuata nilimwomba mama aimbe wimbo wa Kisukuma anaombembelezea mdogo wa mtoto huyo, naye akifika mwisho wa mstari asiimbe neno la mwisho. Siku nyingi halikuitikiwa. Baadaye ikaja "mm", na ile "mm" tukaipeleka kwenye kuoga, maana kuoga ndiko kulikokuwa na vita kila jioni. Baba yake, akipanda kutoka duarani, yaani shimoni wanakochimba, alijifunza naye, kwa shida zaidi ya mkewe. Kusubiri si kazi nyepesi kwa mtu anayelipwa kwa viroba alivyotoa.

Muziki hauponyi usonji. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watoto 364 wenye usonji katika nchi tisa: waliopata tiba ya muziki juu ya huduma ya kawaida hawakupungukiwa na dalili zaidi ya wasioipata. Karatasi hiyo ninayo ndani ya daftari langu, nami mzazi yeyote atakayeniuliza namweleza kilichomo. Ninachoweza kumwonyesha ni kidogo: mtoto anageuka akigongewa, anaoga bila mayowe. Kwa vichanga kuna habari nyingine. Mwaka 2013, hospitali 11 za Marekani zilifuatilia watoto njiti 272, na zikaona mapigo ya moyo yakitulia walipoimbiwa, na wasiwasi wa wazazi wao ukipungua. Wimbo wenyewe mara nyingi ulikuwa ule uliochaguliwa na mzazi.

Akina mama wa machimboni huniuliza kama ni zebaki iliyomharibu mtoto. Nawajibu kwamba zebaki inayochomwa uani huweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mjamzito akae mbali na moshi ule. Lakini mtoto huyu, sababu yake ni ipi, kwa macho siwezi kusema. Na mtoto mwenye degedege namwelekeza hospitali kabla sijagusa kidumu.

Kuna jambo ambalo Pretoria hawatanifundisha: rashi. Ikisikika dhahabu imeonekana mahali, familia inafunga virago usiku, asubuhi unakuta mlango umezuiwa kwa jiwe. Ndivyo nilivyompoteza mtoto yule. Mwezi mzima sikujua waliko.

Kisha mama akanipigia simu. Walikuwa upande wa Kahama, kwenye turubai. Alikuwa na malalamiko: baba mtoto anagonga zote nne mwenyewe, hamwachii mtoto. Nikamwambia asogeze simu karibu nisikie. Nikasikia kidumu, mara tatu. Halafu kimya, na nyuma ya kimya kile sauti ya mama ikinong'ona, "Mwache. Usipige, mwache."