Funza ya mbwa na funza ya mtu



Tukirudi likizo Masisi ao Walikale, wengi wetu tunakuta mbwa nyumbani. Masisi inalinda ng'ombe na nguruwe. Walikale inaenda na baba porini kuwinda, kengele shingoni. Usiku inalala jikoni karibu ya moto, pamoja na watoto. Basi tujue neno hili: funza iliyo katika mguu wa mbwa na ile iliyo katika mguu wa mtoto ni funza ile ile.

Funza ni kiroboto kidogo sana, haifiki milimita moja. Ile ya kike inaingia katika ngozi, zaidi karibu ya kucha, inavimba mpaka kuwa kama mbegu ya muhindi, na inaangusha mayai chini. Kisha majuma matatu hivi, funza zingine ziko tayari. Mtu atauliza: Kwetu mvua ni nyingi, vumbi iko wapi? Iko chini ya kitanda na kando ya mafiga, mahali mvua haifike.

Tena si mdudu wa kwetu. Mwaka 1872 meli Thomas Mitchell ilitoka Brezili ikaleta funza Ambriz, Angola. Mbele ya miaka 30 kwisha, ilikuwa imevuka Afrika katika miguu ya wapagazi na askari. Funza haichague kabila wala mnyama.

Hatari yake ni kubwa: kidonda kinaoza, kucha zinatoka, pepopunda inaweza kuingia, na mtoto anashindwa kutembea mpaka masomo.

Tufanye nini?

Kwanza, kila jioni tuoshe miguu na sabuni, na tumwangie maji chini mbele ya kufagia.

Pili, kila mtu na sindano yake iliyochemshwa. Sindano moja ya nyumba nzima inaweza kupitisha Ukimwi. Na petroli, hapana! Inaunguza ngozi. Funza zikiwa nyingi, twende kituo cha afya. Kenya na Uganda wametumia mafuta ya dimetikoni, yanayoziba pumzi ya funza mpaka inakufa bila kuchimbwa.

Tatu, siku ile ile tutazame mbwa katikati ya vidole, na nguruwe pia. Tukitibu mtoto peke yake, mayai yanaendelea kuanguka pale anapolala. Lakini kuua mbwa si dawa, maana funza inakaa hata katika panya.

Nne, tuache kucheka. Wadogo wetu wanaficha miguu kwa sababu ya haya. Anayeficha hatibiwi, na asiyetibiwa anaangusha mayai katika chumba tunacholala sisi wote.

Bwana Yesu aliosha miguu ya wanafunzi wake, na Yeye ndiye alikuwa mkubwa wao. Basi sisi wa mwaka wa mwisho tutaanza: beseni na sabuni viko mlangoni kila jioni. Karibuni, bila haya.

Doyen, kwa niaba ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho