Wasaidizi watatu, bosi wa mmoja

Leo siongelei bei wala matangazo, naongelea watu unaofanya nao kazi.

Mimi nauza korosho zilizobanguliwa, niko Kilangala huku Lindi. Oda zinaingia WhatsApp, mzigo unapanda basi kwenda Dar. Nina wasaidizi watatu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anashika simu ya oda, halafu kuna dada wawili wanaochagua na kufunga pakti. Dogo nilimwambia kila kitu: faida, wateja wasumbufu, hadi madeni. Tunakula sahani moja. Wale dada? "Leo fungeni kilo 20," basi. Dogo akiomba kukopa nampa hapohapo, dada akiomba namwambia asubiri mwisho wa mwezi. Wala sikujiona mbaguzi. Ndugu ni ndugu, si ndiyo?

Siku moja mteja wa Dar akarudisha kilo 10. Korosho zimelainika, zimeshika unyevu. Kuuliza, dada mmoja akasema aliona kiroba kimelowa tangu jana yake. Sasa mbona hukusema?

"Bosi, mambo ya mzigo si mnajua nyie wawili?"

Nikakosa la kujibu. Hela nikarudisha, mteja mwenyewe hakurudi. Mwezi uliofuata na yule dada akaondoka, na ndiye aliyekuwa na jicho la kuchagua kuliko sote.

Kumbe wenzetu walishaliandika hili zamani. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani, George Graen na wenzake, walieleza kuwa bosi hawi sawa kwa wote: wapo wa ndani, anaowaamini na kuwapa habari, na wapo wa nje, wanaofuata amri tu. Nilisoma nikaona duka langu.

Kupenda wote sawa huwezi, usijidanganye. Mimi nimebadili viwili tu: oda nazisoma asubuhi mbele ya wote, na kukopa kuna daftari moja, kiwango kimoja. Dogo alinuna wiki mbili. Mama mdogo akanipigia: "Mwanangu, siku hizi ndugu yako unamfanya kibarua?" Nikamwomba radhi, lakini daftari likabaki.

Juzi dada aliyebaki akanisimamisha mlangoni. "Bosi, kiroba hiki sikifungi, hebu kinuse kwanza." Nikanusa. Tukakiweka pembeni.