Ni Nani Aliyepiga Gita Lile?

Tangu nilipokuwa chuoni nilizoezwa kuuliza jambo moja kabla ya kulisifu shairi: limetungwa na nani? Malenga wetu wa kale hawakututaabisha sana. Mtunzi wa utenzi aghalabu hujitaja mwishoni, pengine na jina la babake na la mji wake, asije mtu akamwibia. Basi, mpenzi msomaji, hebu fikiri wimbo usiokuwa na kaditamati.

Ndivyo zilivyo nyingi katika nyimbo za bluzi za Wamarekani weusi, zilizotiwa katika santuri tangu 1920. Kwenye ile karatasi ya katikati ya sahani utaliona jina la mwimbaji. Lakini gita ni la nani? Kimya! Hata "Crazy Blues" ya Mamie Smith, iliyorikodiwa New York mwezi wa Agosti 1920 na kuifungulia mlango biashara hiyo, wajuzi wamebishana juu ya mpiga piano wake. Willie "The Lion" Smith alishikilia kuwa ni yeye. Wengine wakamtaja Perry Bradford, mtunzi wa wimbo wenyewe.

Wenye biashara nao walichangia giza hilo. Kampuni ya Paramount, huko Wisconsin, ilikuwa mtoto wa kampuni ya kuunda viti, na santuri kwao ilikuwa bidhaa kama kiti. Mwaka wa 1929 walimwuza Charley Patton kwa jina la "The Masked Marvel", yaani bingwa aliyejifunika uso, na mnunuzi aliyembaini alituzwa sahani moja bure.

Wachunguzi wa siku hizi huanzia kwenye nambari zilizotiwa katika sahani yenyewe. Nambari zikifuatana, yumkini wapigaji ni wale wale wa siku ile. Baada ya hapo hutegemea sikio, na sikio, Mungu atusamehe, ni shahidi dhaifu. Mimi mwenyewe niliwahi kuapa kwamba udi katika sahani fulani ya taarabu ni wa mzee wa mtaani kwetu. Mzee akacheka mpaka akakohoa: siku ile alikuwa safarini, baharini!

Lakini kisa kilichoninyima usingizi ni cha wanawake wawili. Mwaka wa 1930 walifika studio ya Paramount mjini Grafton na magita yao. Zilizobaki kwao ni sahani tatu, nyimbo sita, mmojawapo "Last Kind Words Blues", ambao mtu akiusikia usiku huhisi kana kwamba nyumba ina mgeni. Karatasi ya sahani yasema Geeshie Wiley na Elvie Thomas. Kwa miaka mingi wapenzi wa nyimbo hizo waliwatafuta kwa majina hayo wasiwapate.

Kumbe hapakuwa na Elvie. Mama yule jina lake lilikuwa herufi mbili tu, L.V., nazo zikaandikwa kama zilivyosikika. Alikuwa mzaliwa wa Houston, Texas, na huko huko aliishi, ameziacha bluzi na kushika kanisa. Mwaka wa 1961 mkusanyaji Mack McCormick alimwendea akamhoji. Bibi akaeleza yote, na mwenziwe akamtaja kuwa ni Lillie Mae.

Maneno hayo yakalala katika makaratasi ya McCormick. Bibi L.V. akafa 1979. Ulimwengu uliyasoma mwaka wa 2014, mwandishi John Jeremiah Sullivan alipoyatoa katika jarida la New York Times. Miaka 53! Najua nasi tunayo makasha yaliyofungwa namna hiyo, na wenye funguo ni watu ninaowaheshimu. Lakini kati ya 1961 na 1979 bibi yule alikuwa hai, mjini mwao, na yeyote aliyependa kujua gita lile ni la nani angaliweza kubisha hodi akamwuliza.