Viza ya Matembezi: Mambo ya Kujua Kabla Hujatoa Hata Shilingi Moja

(Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.)

Iwe uko Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au kambi nyingine yoyote, karibu tuwe pamoja. Na wewe unayekisoma kipindi hiki kwenye karatasi, karibu pia. Ukimaliza, mpe jirani naye asome.

Leo tunajibu swali ambalo wengi wenu mnajiuliza. Mdogo wako alihamishiwa Ubelgiji miaka kadhaa iliyopita. Sasa anaoa, na amekupigia simu: "Dada, lazima uwepo." Je, wewe mkimbizi unaweza kwenda kumtembelea, kisha ukarudi?

Sheria inakuruhusu kuomba. Lakini kuna mambo matatu ya kupata, na yana mpangilio wake: hati ya kusafiria, ruhusa ya nchi unayoishi, na viza ya nchi unayokwenda. Ukianza na la mwisho, utapoteza pesa.

Tuanze na hati.

Kitambulisho cha mkimbizi na karatasi ya familia havikuvushi mpaka. Kinachotumika ni hati ya kusafiria ya mkimbizi. Hati hii inatajwa katika kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, na kwenye jalada lake mkataba huo umetajwa kwa tarehe yake, 28 Julai 1951. Hutolewa na serikali ya nchi iliyokupa hifadhi. UNHCR haiitoi, na ubalozi hauitoi. Kwa Kenya, unaanzia kwenye idara ya serikali inayohudumia wakimbizi. Kwa Uganda, unaanzia Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa Tanzania, unaanzia kwa mkuu wa kambi, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Hati hii ni ya mtu ambaye tayari ametambuliwa kuwa mkimbizi. Kama bado ni mwomba hifadhi na unasubiri jibu, kwa kawaida hutaipata, basi fuatilia kwanza uamuzi wa hifadhi yako.

Hapa, msikilizaji, tega sikio. Kuna watu watakaokuambia, "Hati ya mkimbizi inachelewa, nenda ubalozi wa nchi yako ukachukue pasipoti, ni rahisi." Usifanye hivyo kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa wakimbizi au ofisi ya ulinzi ya UNHCR. Mkataba huohuo wa 1951 unasema kwamba mtu anayejiweka tena kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kukoma kuwa mkimbizi. Kuchukua pasipoti ya nchi uliyoikimbia kunaweza kusomwa kwa maana hiyo. Safari ya wiki mbili ya harusi inaweza kukugharimu hifadhi yako na ya watoto wako.

Jambo la pili ni ruhusa.

Kama kambi yako inadai kibali cha kutoka, unakihitaji kila unapokwenda mjini: siku ya kuwasilisha maombi, siku ya mahojiano kama utaitwa, na siku ya kusafiri. Omba mapema na utaje sababu ya kweli. Kama una faili la kuhamishiwa nchi ya tatu, wajulishe UNHCR kabla hujaondoka. Ukiitwa kwenye mahojiano ukiwa haupo, faili lako linaweza kusimama. Uliza pia mgao wa familia utachukuliwaje usipokuwepo siku ya kuhakiki majina.

(Muziki mfupi.)

Sasa tufike kwenye viza yenyewe. Kila nchi ina utaratibu wake, ila leo tunabaki na mfano wetu wa Ubelgiji. Ubelgiji iko kwenye kundi la Schengen, lenye nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja ya muda mfupi. Viza hiyo inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180.

Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Kwa hiyo kama harusi ni mwezi wa nane, usingoje mwezi wa saba. Hati yako iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai kwa angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Kabla ya kulipa chochote, uliza ubalozi swali hili: "Je, mnaitambua hati ya mkimbizi iliyotolewa na nchi hii?"

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipiwi. Kwa hiyo mama na mtoto wa miaka 9 ni euro 135, bila nauli, bila bima na bila malipo ya kituo cha kupokea maombi, kama kipo. Ukinyimwa viza, ada hairudi. Bima ya safari lazima ifidie matibabu ya angalau euro 30,000. Kiasi hicho si unacholipa wewe, ni kiwango ambacho kampuni ya bima inaahidi kugharamia ukiugua. Unachukuliwa pia alama za vidole.

Naye mdogo wako ana kazi yake huko. Atume barua ya mwaliko, nakala ya kibali chake cha ukaazi na uthibitisho wa undugu wenu. Kama ndiye atakayekugharamia, anasaini ahadi ya kumgharamia mgeni kwenye ofisi ya manispaa anapoishi.

Swali gumu kuliko yote ni hili: "Tutajuaje kwamba utarudi?" Mtu mwingine angeonyesha hati ya shamba au mshahara wa benki. Wewe huna. Lakini huendi mikono mitupu. Onyesha ulichonacho: barua ya kazi yako ya motisha shuleni au hospitalini, leseni ya duka lako, daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, taarifa ya pesa za simu, barua ya chuo unakosoma, vyeti vya watoto na mwenzi wanaobaki. Pamoja na hayo, eleza kwa maneno yako kwa nini unakwenda, siku ngapi, na unarudi kufanya nini.

Usiongeze uongo. Barua ya benki ya kughushi inaweza kuonekana hata kwa simu moja tu. Kanada, kwa mfano, humfungia miaka 5 mtu aliyedanganya kwenye maombi. Kunyimwa kwa sababu ya ushahidi mdogo kunaweza kurekebishwa, lakini jina lililochafuka kwa kughushi ni kazi kulisafisha.

Ukinyimwa, utapewa karatasi yenye sababu. Isome, au mwombe mtu akusomee. Una haki ya kukata rufaa, na muda wake umeandikwa hapohapo. Kama sababu ni karatasi iliyokosekana, unaweza pia kuomba upya ukiwa nayo.

(Muziki mfupi.)

Kabla hatujaagana, tuwataje vishoka. Mtu akikuambia, "Nipe dola mia tano, viza ni ya uhakika," huyo ni mwizi. Hakuna anayeweza kuahidi viza, maana uamuzi ni wa nchi husika. Akisema pesa hizo ni za kukuingiza kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu, jua kwamba huduma hiyo ni bure, na mwambie UNHCR au polisi. Usimwachie mtu hati yako halisi bila risiti ya ofisi.

Kumbuka pia kwamba viza ya matembezi si njia ya kuungana na mume, mke au wazazi. Kama anayekungoja huko ni mwenzi wako, au wewe ni mtoto wake mdogo, ulizeni kuhusu utaratibu wa kuunganisha familia. Ni ombi jingine kabisa, na muda wake hauchezewi.

Basi, dada, kama mdogo wako amepiga simu wiki hii, usikimbilie kukopa. Kesho asubuhi nenda kwenye ofisi ya serikali hapo kambini, ukaulize swali moja tu: "Naombaje hati ya kusafiria?" Mengine yatafuata kwa zamu yake.



(Muziki wa kufungia.)