Kengele Ilie kwa Sababu

Wanaopanga Viwanja Sitini wanaelewa: chumba kimoja, watu wawili, mtihani kesho. Weka humo kompyuta inayolia kila dakika uone kama utaelewana na mwenzako.

Redio ya ridhaa ina mtandao uitwao klasta. Mtu akisikia kituo, anaandika alama yake na masafa; programu ya daftari la mawasiliano inapokea, kengele inalia. Bila chujio ni fujo tupu.

Chujio la kwanza ni daftari lako: nchi ulizokwisha kuzipata zinyamaze. (Zanzibar usiisubiri, tangu 1974 inahesabiwa pamoja na Bara.) Kama hujui Morse, zima Morse.

Ila chujio ninaloliamini zaidi linauliza swali jingine: nani kasikia? Taarifa nyingi hutoka Ulaya na Marekani. Mjerumani akimsikia Mjapani, mawimbi hayo yamepita njia yao. Hapa Ifakara pengine utapata mvumo tu. Kwa hiyo naacha taarifa za majirani: 5H yetu, 5Z ya Kenya, 5X ya Uganda, mpaka ZS ya Afrika Kusini. Ubaya wake, wasikilizaji huku ni wachache, kuna siku inakuwa kimya kabisa.

Basi naruhusu kitu kimoja kipenye: nchi mpya kabisa, hata kama kasikia Mjerumani. Na saa za klasta ni UTC, jamani. Ikiandika 18:00, kwetu ni saa tatu usiku.